Bwawa Lisilo na Kambare

Saa tatu asubuhi lango la kijiji lilifunguliwa. Kulow alichukua mkuki na kikapu. Alipita mbele ya askari, akashuka kwenda bwawani. Mkewe Habibo alimfuata na mtungi wa maji.

Mwaka ulikuwa 1967. Kwa sababu ya vita, wafugaji wengi wa Garissa walikuwa wamekusanywa katika vijiji vyenye ua. Hawakuruhusiwa kuhama na mifugo kutafuta malisho. Mbuzi wa Kulow walikufa mmoja mmoja. Walibaki majike wawili. Familia ya watu sita ilianza kula samaki.

Bwawa lilikuwa karibu na mto Tana. Mto ulipofurika ulilijaza. Maji yalipopungua, samaki walibaki humo. Wengi walikuwa perege, samaki wapana wenye magamba. Wachache walikuwa kambare, wenye ndevu na ngozi laini.

Siku ya kwanza Kulow alitaka kumchinja samaki. Alimgeuza huku na huku akitafuta shingo. Jirani yao Bishara alicheka mpaka akaketi chini.

"Mzee wa ngamia, umeshindwa na mnyama asiye na miguu? Samaki hachinjwi!"

"Nyamaza, Bishara. Na usinikaribie, mdomo wako unanuka mto."

"Wako pia, wallahi. Sote ni wala samaki sasa."

Siku nyingine Kulow aliona kambare akimmeza perege mdogo. Alikasirika.

"Kumbe huyu ni fisi," alisema.

Alianza kuwavizia kambare kwa mkuki, kama alivyowavizia fisi zizini. Kwa miezi mitano aliwaua mpaka hakuonekana hata mmoja. Watu walimsifu. Perege wadogo aliwarudisha majini, maana mfugaji hachinji watoto wa mifugo. Perege mgonjwa pia alimrudisha, apate kupona.

Perege waliongezeka sana, lakini hawakukua. Walikuwa wafupi kama kiganja, wenye vichwa vikubwa na migongo myembamba. Kisha wengi walitokwa na vidonda vyekundu ubavuni. Kila asubuhi wengine walielea wamekufa.

"Baba Salat," Habibo alimwambia mumewe, "jana nilipika samaki kumi na watano. Watoto hawakushiba."

Kulow aliwatazama wale mbuzi wawili. Wote walikuwa na mimba.

"Tumchinje mmoja," alisema.

"Mmoja leo, na wa pili Ijumaa? Vita vikiisha utatoka hapa unachunga nini? Fimbo?"

Kulow aliketi chini.

"Nipe siku tatu," Habibo alisema. "Yuko bwana samaki mtoni. Nitamwita."

Bwana samaki alikuwa mfanyakazi wa serikali aliyechunguza samaki wa mto Tana. Aliitwa Jillo. Alikuja na wavu, rula na daftari. Alivua perege arobaini bwawani. Alimpima kila mmoja, akamtazama mashavu na magamba, akaandika. Ishirini na wawili walikuwa na vidonda.

"Kambare wako wapi?" aliuliza.

"Nimewamaliza," Kulow alijibu kwa fahari.

"Wote?"

"Fisi haachwi nusu."

Jillo hakucheka. Aliwapeleka Kulow na Habibo kwenye bwawa jingine, ambako hakuna aliyewaua kambare. Huko pia alivua perege arobaini. Wenye vidonda walikuwa wawili tu. Kisha akavua kambare mmoja mkubwa, akampasua tumbo.

Kulow alisogea. Yeye mwenyewe hupasua mbuzi aliyekufa ili ajue ugonjwa wake. Ndani ya tumbo walikuwamo perege tisa wadogo. Jillo aliwapanga kwenye nyasi.

"Hesabu wenye vidonda."

"Sita."

"Kwenye wavu wangu walikuwa wawili kati ya arobaini. Kambare amewapata wapi sita kati ya tisa?"

Kulow alifikiri kidogo. "Mgonjwa hakimbii upesi."

"Ndiyo. Kambare humla kabla hajawaambukiza wenzake. Pia hupunguza watoto, chakula kikatosha."

"Lakini watatu walikuwa wazima."

"Kweli. Hula wazima pia. Kambare wakizidi, watakumalizia perege. Wachache wanatosha."

Kisha Jillo akauliza, "Malisho ya mbuzi hamsini, ukiweka mia tatu, itakuwaje?"

"Watakonda. Halafu homa ya mapafu iwamalize."

"Na mbuzi mwenye homa ya mapafu, unamrudisha zizini?"

Habibo ndiye aliyejibu.

"Harudishwi. Hutengwa. Lakini samaki wagonjwa tumewarudisha sisi wenyewe, kila siku."

"Hakuna aliyewafundisha," Jillo alisema. "Sasa, wenye vidonda na waliokufa watoeni, mkawazike mbali na maji. Wadogo walio wazima msiwarudishe. Ndio chakula chenu mwezi huu. Wapikeni vizuri, wengine mkaushe. Matumbo yao msiyatupe bwawani. Halafu tieni kambare sita."

"Nimtie fisi zizini kwa mkono wangu?" Kulow aliuliza.

"Au umchinje mbuzi wako," Habibo alisema.

Kulow aliwatia kambare sita. Bishara alimwona na ndoo.

"Njooni muone! Kulow anafuga fisi!"

Kulow aliendelea na kazi. Kwa wiki nyingi alivua wadogo na kuzika wagonjwa. Watoto walikula, na mbuzi hawakuguswa. Mwezi wa tatu tangu hapo majike wote wawili walizaa. Mwezi wa nne Jillo alirudi na wavu wake. Kati ya perege arobaini, watatu tu walikuwa na vidonda. Wengi walikuwa wamenenepa, na urefu umeongezeka kwa vidole vitatu. Siku hiyo Habibo alipika samaki sita, na chakula kikabaki.

Wiki iliyofuata mtu mmoja, Dagane, aliona ndevu za kambare zikitokeza majini. Aliinua mkuki wake. Kulow alimshika mkono.

"Mwache," alisema. "Huyo yuko kazini."