Picha ya Kushoto Ilipokaa Kulia

Magharibi ilipoingia, Evaline alishuka kununua mchele, akamwonya mumewe asimfungulie mtu. Mwaka ule wa 2009 polisi wa Guangzhou, China, walikuwa wakisaka wageni ghorofa kwa ghorofa, na viza za wawili hawa zilikuwa zimekwisha zamani.

Heriel akapiga komeo, akafunga pazia, akawasha taa ndogo ya mezani, akarudi kazini. Kwao Moshi alikuwa mpima ardhi. Huku alimchorea laoban mmoja, yaani bosi, ramani ya jangwa la nyanda za juu, pakavu kiasi kwamba hata mbuzi angegeuza njia. Alikuwa na picha mbili zilizopigwa toka angani. Ukiziweka sambamba chini ya miwani ya kazi, ardhi inainuka: vilima, makorongo, na shimo moja lenye kitu cheusi ndani.

Kwa mwanga ule hafifu akazipanga vibaya. Ya kushoto ikakaa kulia. Kosa hilo hugeuza mabonde kuwa vilima. Chuoni mwalimu wao aliwakataza kabisa kulifanya penye makaburi, nao walimcheka sana.

Shimo likainuka.

Kile cheusi sasa kilikuwa kileleni... kimekaa. Mwanamke, amejitanda shuka.

Heriel akafikicha macho, akatazama tena.

Kilele kitupu.

Nje mvua ilinyesha, lakini chumba kilinuka vumbi la jua kali.

Ko. Ko. Ko.

"Baba Teddy, fungua," sauti ilinong'ona. "Wanapanda ngazi."

Ndivyo mkewe alivyomwita, kwa jina la mtoto wao. Heriel akachungulia kwenye ufa wa mlango. Ngazini hakukuwa na taa, hakuona kitu. Akashika komeo... mkono ukagoma, mzito, mkavu. Akajiambia kile kitu kiko nje, kinaigiza sauti ya Evaline.

"Ni mimi, mume wangu."

Hakufungua.

Vikaja viatu vizito, amri za Kichina, kisha kilio. Kilio kile alikijua, ni cha mkewe. Hapo hapo mkono ukalegea. Alipofungua, mchele ulikuwa umemwagika ngazi nzima, na Evaline hayupo.

Kesho yake polisi walimruhusu Evaline kupiga simu kabla ya kumrudisha Tanzania. Hakulia. Alikuwa na hasira.

"Nilichungulia kwenye ufa," alisema. "Taa yako ilikuwa inawaka, nikakuona umeshika komeo. Baba Teddy, yule mwanamke aliyekuwa amekushika mkono ni nani?"