Msichana wa Saba

Kissa alitoka kwenda kuchukua simu yake kwa fundi saa kumi na mbili jioni, muda ambao mtaa wa Dengfeng, jijini Guangzhou, China, hufurika hadi watu wanapishana kwa mabega. Hakuwa na haraka. Tangu amzike bintiye kwa simu, hakuwa na haraka ya jambo lolote.

Kwa simu, ndiyo. Teddy alikuwa na miaka tisa, akilelewa na bibi yake huko Tukuyu, Tanzania. Alipofariki, pasi ya Kissa ilikuwa ofisini ikisubiri kuongezewa viza, na wenye ofisi walimwambia asubiri siku saba. Maiti haisubiri siku saba. Alikaa kitandani, ghorofa ya kumi na moja, akitazama kwenye simu watu wa kwao wakimwaga udongo, picha ikigandaganda kwa mtandao mbovu. Hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita.

Kibanda cha fundi kilikuwa chini ya ngazi. Mwenyewe ni mama mtu mzima wa Kichina, na Kissa humwita laoban, kama wanavyoitwa wenye maduka wote huku. Kazi haikuwa tayari. Akamwonyesha kigoda akae. Mbele ya kigoda palikuwa na tableti imeegemezwa kwenye boksi, ikionyesha katuni.

Kissa aliijua katuni ile. Wasichana wenye nguvu za uchawi wanaoishi katika mji ulio ndani ya kompyuta. Barabara zake ni mistari ya taa, mvua yake ni tarakimu zinazodondoka. Wakizungusha fimbo zao, nguo zinabadilika, nywele zinawaka rangi, kisha wanapigana na vivuli vinavyoula mji. Teddy alikuwa haambiliwi kwa katuni hiyo. Tableti ya Teddy, Kissa aliinunua kwenye kibanda hikihiki akaituma Tukuyu, katuni ikiwa imo tayari.

Wasichana walikuwa sita. Teddy alimtajia rangi zao zote.

Sasa walikuwa saba.

Wa saba alisimama nyuma ya wenzake. Mweusi. Nywele zimesukwa twende kilioni. Wenzake walikuwa wakipiga kelele kwa Kichina, lakini yeye alikuwa kimya, amegeukia huku nje, anamtazama Kissa.

Kissa akasikia harufu. Haikuwa ya risasi ya kuchomelea waya. Ilikuwa harufu ya mgomba uliokatwa sasa hivi, utomvu wake ukichuruzika...

Msichana akafungua mdomo.

"Mama, viatu vinanibana."

Kissa aliinuka, kigoda kikaanguka. Laoban akamtazama. Kissa akamwomba, kwa Kichina chake cha sokoni, arudishe nyuma kidogo. Laoban akarudisha. Msichana alikuwepo, palepale, akimtazama vilevile.

"Mama..."

Hapo tu. Lile neno la viatu halikutoka tena. Na katika msuko mmoja, karibu na sikio, palikuwa na uzi wa buluu ambao mwanzo haukuwepo.

Aliinunua tableti ile bila kuulizana bei, akasubiri simu yake ikamilike, akapanda navyo nyumbani. Huko Tukuyu ilikuwa mchana. Akampigia mama yake.

"Mama, mlimvalisha nini Teddy?"

"Kwa nini unaniuliza leo, mwanangu?"

"Niambie tu."

"Gauni lake la kanisani. Na vile viatu ulivyomtumia." Bibi akavuta pumzi. "Vilikuwa vidogo. Ulikuwa hujamwona miaka miwili, usingejua. Tulivilazimisha. Sikutaka ulijue hilo."

Kissa aliketi sakafuni.

"Kuna kingine?" akanong'ona.

Bibi akaanza kulia polepole. Akasema wiki ile ya mwisho Teddy alikuwa anamwambia kwamba wale wasichana wanamwita kwa jina. Kwamba wamepungukiwa mmoja. Yeye akadhani ni mchezo. Asubuhi akamkuta hapumui, tableti i kifuani, ingali inacheza. Na siku ya kumwosha...

"Alikuwa mwepesi, Kissa. Mtoto wa miaka tisa, nilimwinua kwa mkono mmoja. Na chumba kizima kinanuka mgomba. Wanawake wote tulisikia. Hakuna aliyelitaja."

Bibi naye hakulitaja neno lenyewe. Hakuna mtu wa kwao asiyejua kwamba wachawi wakimchukua mtu msukule, angali hai, kitandani huacha mgomba wenye sura yake, na huo ndio huzikwa.

Kesho yake jioni Kissa alimwita Abednego, jirani yake wa ghorofa ya tisa, mfanyabiashara wa nguo aliyekaa Guangzhou miaka mingi hadi Kichina kimemwingia. Akamwekea sehemu ileile, akamshika mkono.

"Umesikia anasema nini?"

Abednego akainua macho kutoka kwenye kioo. "Nimesikia, dada. Anasema, 'Twendeni, mji unatuhitaji.'"

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kichina, dada Kissa."

Kissa akainamia kioo. Nusu ya nywele ilikuwa ya buluu. Uso ulikuwa umefifia weusi wake, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Macho bado yalitazama nje, lakini yalikuwa yanatafuta. Hayakujua tena ni wapi pa kutazama.

Ndipo alipoelewa. Kila anapomwangalia, anampunguza.

Aliizima. Akaifunga kwenye kitenge.

Abednego alienda kwa laoban kuuliza katuni ile inatoka wapi, nani kaitengeneza. Laoban akatikisa kichwa. "Mei you." Hakuna. Haina jina la kampuni, haina kiwanda. Mzigo huja nayo. Kissa akampigia mchungaji wa Tukuyu, akaomba kaburi lifukuliwe. Mchungaji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba huzuni ya mama ni nzito, na kwamba watamwombea. Akampigia na mjomba wake, akamwomba hilohilo; huyo alikata simu.

Pasi alishaipata. Lakini arudi kwa nani? Mtoto hakuwa Tukuyu.

Basi akajizuia. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Alikuwa akiugusa ule mzigo wa kitenge, hafungui. Alijiambia kwamba asipotazama, kilichobaki kitabaki.

Siku ya kumi na mbili alipanda treni ya metro kwenda kuonana na mtu wa kiwanda kwa shughuli zake za biashara. Watu walikuwa wa kutosha. Mbele yake alikaa mtoto wa kike wa Kichina, sare ya shule, simu mkononi. Ule wimbo wa mwanzo ukaanza. Mtoto akacheka. Kissa hakutaka kugeuka.

Aligeuka.

Walikuwa saba, wamesimama mstari mmoja. Wa saba alikuwa mbele sasa. Nywele za buluu tupu, ndefu, zinapepea. Alikuwa anatabasamu kama wenzake, anaimba kama wenzake. Macho yake makubwa yalimpita Kissa, yakaendelea.

Kissa akatazama kushoto. Kijana mmoja, katuni ileile. Karibu na mlango, mama na watoto wawili, vichwa vimegusana juu ya simu moja, katuni ileile.

Yeye alijizuia siku zote zile, kumbe hawa wote walikuwa wakimtazama. Angemwambia nani azime? Na kwa Kichina gani?

Milango ilipofunguka Pazhou, kituo ambacho hakuwa na shughuli nacho, Kissa akateremka. Akasimama ukutani huku watu wakimpita. Nyuma yake treni iliondoka na ule wimbo.