Uvimbe Nyuma ya Sikio

Kila alipotoka shule, kazi ya kwanza ya Chiriku ilikuwa kunawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kisha kwenda kumsalimia Bosi. Mama hakuruhusu mtu yeyote amguse mtoto akiwa na vumbi la barabarani. Hata Baba, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, alilazimika kuoga na kubadili shati kwanza. Alilalamika kwa utani kwamba hata mawaziri hawasalimiwi kwa masharti makali namna hiyo.

Jina la Bosi lilitoka kwa Baba. Siku mtoto alipoletwa nyumbani, alilia mara moja tu, na watu wazima wote waliokuwa sebuleni wakainuka vitini kwa pamoja. "Haya, bosi wetu amefika," Baba akasema, na jina likamganda. Chiriku naye alipewa jina la ndege huyo kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Bosi hakuzaliwa na Mama. Baada ya kumpata Chiriku, Mama alipoteza mimba mbili, na daktari akamwambia asijaribu tena. Walilia, wakaomba, na baada ya muda wakamwendea mchungaji wao wakiwa na wazo jipya: kuasili mtoto mchanga. Ilichukua miaka miwili. Kulikuwa na fomu, vipimo vya afya, barua ya mchungaji, na maswali ya afisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mwenye miwani ambaye alifungua hata kabati la jikoni. Mwishowe wakapewa mtoto wa kiume wa miezi mitatu kutoka makao ya watoto. Alikuwa ameachwa hospitalini akiwa na siku mbili tu, na aliyemzaa hakupatikana.

Lakini hakuwa wao bado. Afisa aliwaeleza polepole, wote watatu wakiwa wamekaa mbele yake. "Mtakaa naye miezi sita, na mimi nitakuwa nawatembelea. Nikiona analelewa vizuri, tutakwenda mahakamani, na hakimu atamfanya awe mtoto wenu kisheria. Nikiona vinginevyo, atarudi makaoni."

Neno hilo la mwisho Chiriku hakulisahau.

Shangazi, dada yake Baba, hakuficha maoni yake. "Mtoto mwenyewe hamjui katoka wapi," alisema. "Mnajitafutia maneno ya bure."

"Katoka kwa Mungu, dada yangu, kama wewe na mimi," Baba akajibu. "Kunywa chai, inapoa."

Mwezi wa tatu wa kukaa naye, Jumamosi mchana, Mama alikuwa amemaliza kushona sare za kwaya ya kanisa. Alizikunja, akazitia kwenye mfuko mkubwa, akamwita Chiriku. "Nawapelekea hizi, sichelewi. Bosi siku hizi anageuka. Ukimlaza, mlaze chini kwenye mkeka. Kitandani usimwache hata kidogo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kwa robo saa Chiriku alimwimbia, akamchekesha, akambembeleza hadi akasinzia. Alimlaza kitandani, katikati kabisa, akamwekea mto upande mmoja. Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba, na mmoja wao akamwita. "Mara moja tu," Chiriku akasema, akatoka.

Aliruka zamu yake ya kwanza, akaomba ya pili. Alikuwa hewani aliposikia kishindo kidogo, kisha kilio.

Bosi alikuwa amelala kwenye sakafu ya saruji, uso umekuwa mwekundu kwa kulia. Chiriku alimwokota. Nyuma ya sikio la kulia aliona uvimbe unaanza kuinuka. Alimkumbatia, akamsihi anyamaze, na akilini mwake kulikuwa na neno moja tu: atarudi. Mtoto alipotulia, alimvika kofia ya sufu.

"Mbona kofia na joto lote hili?" Mama aliuliza aliporudi.

"Alipiga chafya."

Jioni hiyo Bosi alikataa maziwa. Asubuhi alitapika mara mbili, akawa mlegevu. Mama alipomvua kofia ili amwogeshe, akauona uvimbe. Hawakwenda kanisani. Walikwenda moja kwa moja hospitalini, na huko picha ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa wa kichwa.

"Mtoto huyu ameanguka au amegongwa," daktari alisema. "Ilikuwa lini?"

Mama na Baba walitazamana. "Hajaanguka, daktari," Mama akasema. Kisha akamgeukia Chiriku. "Jana nilikuachia wewe. Alianguka?"

Chiriku alitazama viatu vyake. "Hakuanguka."

Bosi alilazwa siku tatu. Alipona vizuri, ashukuriwe Mungu, kama Mama alivyokuwa akirudia kwa kila muuguzi. Lakini siku ya kuruhusiwa, afisa wa ustawi wa jamii alikuwa amefika wodini na gari la makao ya watoto.

"Sisemi kwamba mmempiga," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Ninachosema ni kwamba mtoto ameumia kichwa, na katika nyumba nzima hakuna anayeweza kuniambia kilichotokea. Siwezi kumrudisha mahali kama hapo."

Mama hakubishana. Alimfunga Bosi vizuri kwenye shuka lake, akamkabidhi, akasimama pale mlangoni hadi gari lilipotoweka.

Nyumba ikawa nzito. Cherehani ya Mama ilinyamaza. Baada ya ibada ya katikati ya wiki, kina mama wawili walinong'onezana kwamba pengine haikuwa riziki yao, na Mama akawasikia. Shangazi alikuja, akakaa bila kusema lolote, na hilo lilikuwa baya kuliko maneno yake. Chiriku hakuwa na hamu ya kuongea. Mwalimu wake alimuuliza kama anaumwa koo.

Lililomuumiza zaidi ni kusikia wazazi wake wakizungumza jikoni.

"Asubuhi ile ya Jumamosi ulikuwa unamrusha juu na kumdaka," Mama alisema. "Nilikuonya."

"Nilimdaka kila mara, mke wangu."

"Hakugonga fremu ya mlango?"

Baba aliitazama mikono yake. "Sijui," akasema. "Kusema kweli, sasa hata mimi sijui."

Ijumaa jioni walikaa mezani kula. Baba alifumba macho kuombea chakula, kama kawaida yake, lakini safari hii hakutaja chakula. "Bwana," alisema, "kama ni mikono yangu hii iliyomuumiza yule mtoto, unisamehe. Jumatatu ikifika, nitakwenda kwa afisa nimwambie ni mimi, ili mke wangu asiendelee kushukiwa. Amina."

Mama akasema amina kwa shida. Chiriku alijaribu, mdomo ukakataa.

"Baba, usiende," akasema. Machozi yalikuwa tayari yanadondoka kwenye sahani. "Si wewe. Alianguka kutoka kitandani. Nilimlaza nikaenda kuruka kamba. Mimi ndiye niliyemvika kofia. Niliogopa kwamba mkijua, watamchukua."

Hakuna aliyegusa chakula. Mama aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Chiriku alingoja apigwe, au akumbatiwe. Halikutokea hata moja. Baba alimuuliza tu, taratibu: saa ngapi, alianguka upande gani, alilia kwa muda gani. Chiriku alijibu kila kitu bila kupunguza.

Jumatatu walikwenda wote watatu ofisini kwa afisa. Chumba kilikuwa kidogo, mafaili yamepangwa hadi dirishani. Afisa aliwaomba wazazi wasubiri nje, akamsikiliza Chiriku peke yake, akiandika. Siku iliyofuata alikuja nyumbani na futi kamba, akapima kitanda kutoka kwenye godoro hadi sakafuni. Daktari alithibitisha kwamba jeraha lililingana na kuanguka kwa namna hiyo.

Hata hivyo afisa hakumaliza upesi. "Na wewe, mama," alisema, "kwa nini mtoto wa miezi sita aliachwa chini ya uangalizi wa mtoto wa miaka kumi na miwili?"

"Nilikosea," Mama akajibu. "Sina utetezi."

Afisa alivua miwani, akaipangusa. "Hilo ndilo jibu nililolihitaji siku ile hospitalini. Nyumba inayokosea naweza kuisaidia. Nyumba inayoficha siwezi."

Kwa wiki sita zaidi Bosi alibaki makaoni. Kila Jumamosi walikwenda kumtembelea, wakakaa naye saa mbili kwenye chumba chenye vitanda vingi vidogo, na kila mara walimwacha akilia. Mara ya tatu alimkazia Mama macho kana kwamba anajaribu kukumbuka alimwona wapi. Njiani kurudi Mama alilia wazi, na Chiriku alitembea nyuma yake bila kuthubutu kumshika mkono.

Siku moja kabla ya Bosi kurudishwa nyumbani, Mama alimkuta Chiriku akitandika mkeka sakafuni, akiunyoosha na kuunyoosha tena. Akaketi kando yake.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Kwa kuanguka kwake, hapana. Ile ilikuwa ajali, na mimi nina sehemu yangu. Nilikusamehe palepale mezani." Mama alivuta pumzi. "Kilichonishinda ni zile siku ulizonyamaza. Daktari alikuuliza ili amtibu mtoto, ukamficha. Kama damu ingevuja kichwani, tungemzika huku tukijiuliza amekufa na nini. Baba yako akaanza kujiona mkosaji wa kosa asilolifanya. Mwanangu, kosa ukilisema mapema, watu watakusaidia kulibeba. Ukilificha, wasio na hatia ndio wanaolipia. Ukikosea, njoo useme. Hata kama unatetemeka, njoo hivyohivyo."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Mama akamvuta, akamlaza kifuani kwake kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Miezi michache baadaye, hakimu alitia saini, na Bosi akawa mtoto wao kisheria. Kanisani waliimba siku hiyo, na Shangazi ndiye aliyembeba mtoto ibada nzima akakataa kumpokeza mtu.

Jioni Mama alimwogesha Bosi kwenye beseni uani, Chiriku akimshika mgongo. Mama aligeuka kuchukua taulo. Mtoto akarusha mkono, ukagonga ukingo wa beseni, akakunja uso bila kulia.

"Mama," Chiriku akasema saa hiyohiyo, "amejigonga mkono. Huu wa kushoto. Nilikuwa nimelegeza kidogo."

Mama aliutazama mkono, akavikunja na kuvikunjua vidole kimoja kimoja. Haukuwa na kitu.

"Mzima," akasema. "Asante kwa kuniambia. Mshike vizuri, nimsuuze kichwa."