Ngoma ya Nta

Wanawake watatu wakitwanga mpunga kwenye kinu kimoja, michi hupokezana, na anayekosa zamu yake huchekwa mpaka jua litue. Pale kijijini Wema, kando ya Mto Tana, hakuna aliyemshinda Tuneya, mke wa Athman, kwa kutwanga. Lakini siku hiyo mchi wake ulianza kuchelewa. Wenzake wakamtania, "We Tuneya, umesinzia na mchi mkononi?" Aliuinua polepole, akaushusha polepole, mpaka michi ikagongana.

Siku ya tatu alikuwa akitembea vivyo hivyo. Akatafuna hivyo, akapumua hivyo. Athman akamwekea kiganja kifuani. Moyo ulipiga mara moja, ukangoja hata akadhani basi tena, ndipo ukapiga. Akatoka mbio kumwita Bi Mwanahamisi, fundi wa pepo.

Sasa, kila pepo ana ngoma yake. Hilo huku hata mtoto analijua. Ukimpigia isiyo yake anakaa kimya, kiburi kimemjaa. Bi Mwanahamisi alifukiza ubani, na wapigaji wake wakapiga ya Kisomali, wakapiga ya Kiarabu, wakapiga ya Kipokomo, jasho likawalowesha. Tuneya hakutikisa hata kidole.

"Mwanangu," fundi akanong'ona, "nyumba hii ina ngoma gani nyingine? Usinifiche."

Athman akainamisha kichwa, akamweleza yote. Alikuwa amembebea mizigo Mzungu mmoja aliyekuja kuupima Mto Tana. Homa ilipomzidi akarudi kwao, akamwachia Athman sanduku lenye pembe ya bati na bomba dogo la nta. Ukizungusha mkono wa sanduku na kuweka sindano juu ya nta, pembe huimba. Zilikuwa zeze nyingi, labda arubaini, zikilia pamoja lakini chini kwa chini, taratibu, kama watu wanaoosha maiti wasitake jirani asikie. Tuneya aliupenda mno wimbo ule. Miezi mitano, kila alasiri, Athman alimpigia. Mjinga, ndiyo, lakini nani hapendi mkewe afurahi?

"Lilete," akasema fundi. "Ila sikia. Pepo hushuka kwa ngoma ile ile iliyompandisha. Ikitufia kabla sijamshusha, hatoki tena."

Zeze zilipoanza tu, Tuneya akasimama. Harufu ya nta ya moto ikajaa chumba, ikaufunika ubani.

"Nani wewe?" fundi akauliza kwa sauti ndogo.

Kinywani mwa Tuneya ikatoka sauti nzito ya mwanamume. "Mbona mnaharakisha?"

Na wimbo ukaisha, maana haukuwa mrefu kuliko kunywa kata ya maji.

"Rudisha, Athman! Rudisha upesi!"

Akarudisha sindano. Lakini nta si ngozi ya ng'ombe. Kila sindano inapopita inaichuna, na kwa miezi mitano ilikuwa imechunwa vya kutosha. Mara ya pili zeze zilisikika kwa mbali, mara ya tatu zikasikika kama ziko ng'ambo ya mto, na kila fundi alipouliza, tukupe nini, mbuzi, marashi, nguo nyeupe, sema basi tukupe utuachie mtoto wa watu, ile sauti ilijibu neno moja tu, ngojeni, na Athman akarudisha sindano huku akimwomba Mola, mpaka fundi akapiga kelele, "Shuka!" na pembe ikatoa mkwaruzo mtupu.

Nta ilikuwa imebaki laini, wimbo wote umefutika. Tuneya akajilaza mkekani mwenyewe.

Athman akaweka sikio kifuani pake. "Anapumua! Bi Mwanahamisi, anapumua!"

"Sikiliza vizuri."

Akasikiliza. Chini ya mbavu za mkewe zeze zilikuwa zikilia, safi, mpya, kama siku ya kwanza.

"Ngoma imehamia kwake," akasema fundi.

"Ataishi?"

"Ataishi maadamu inalia."

"Na ikiisha, mama?"

Bi Mwanahamisi aliwaashiria wapigaji wabebe ngoma zao, wakatoka bila kuaga.

Athman hakuondoa sikio. Kila zeze alijua inaingia wapi na inatoka wapi. Sasa zilikuwa zikitoka, moja baada ya nyingine, na za mwisho mwisho zilikuwa mbili tu. Moja ikanyamaza. Akamkumbatia mkewe kwa nguvu, machozi yakimtiririka, akamnong'oneza, "Polepole, Tuneya. Polepole, mke wangu."