Utaniulia Kadi

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu fundi kompyuta, mtu asiyeamini kitu asichoweza kukifungua kwa bisibisi.

Tangu mdogo wake azikwe, alibaki peke yake na kompyuta waliyokuwa wakichezea mpira, kila mmoja na padi yake ya kuchezea mkononi. Ilipoganda, mdogo mtu alikuwa akigonga kasha mara mbili kwa pete yake: "Amka, mvivu wewe!" Naye fundi akimfokea: "Wewe, utaniulia kadi!"

Jumapili moja mchana akaiwasha acheze peke yake. Mechi kuanza tu, kioo kikawa cheusi. Akapangusa vumbi kwenye kadi ya picha, ile inayoleta picha kwenye kioo, akaipaka upya dawa ya kupunguza joto, akaazima hata kadi ya jirani. Wapi! Kila mechi ikianza, giza.

"Basi itakuwa pawasaplai, haigawi umeme vizuri," akasema kwa sauti, ingawa hakuwa na wa kumwambia. Akachomoa waya wa kompyuta ukutani, akapiga magoti nao mkononi afungue kasha. Nyumba ilikuwa kimya hata akasikia pumzi zake mwenyewe.

Ndipo kukagongwa ubavuni mwa kasha, chuma kwa chuma. Ko, ko.

Hakukimbia. Ananiambia alijibu kama zamani: "Wewe, utaniulia kadi!"

Feni ikaanza kuzunguka. Kioo kikawaka. Timu ya mdogo wake ilikuwa imeshaanza mpira, na waya wa umeme bado fundi alikuwa ameushika mkononi.