Mkono Pembeni ya Picha

"Funga mdomo, dada."

"Nimefunga."

"Hujafunga. Naona mwanya mpaka huku."

Ndiyo kwanza akazidi kucheka. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, ndani ya kibanda cha picha kilichobanwa kati ya duka la fotokopi na kinyozi, mkabala na ofisi ya uhamiaji. Nje, foleni ya watu wenye bahasha ilikuwa imeshakunja kona. Dada mwenyewe alivaa blauzi ya kijani yenye kola ngumu, nywele kazibana nyuma. Kibali chake cha kuishi pale mwaka mmoja kilikuwa kinaisha Ijumaa, na bila picha hakuna cha kibali kipya.

"Wale wa ng'ambo ya barabara hawataki meno," mpiga picha akamwambia.

"Na mimi meno ndiyo kazi yangu. Natengeneza ya bandia."

"Na huo mwanya hujauziba?"

"Nizibe uzuri wangu kwa mkono wangu? Una akili wewe?"

Mpiga picha akaja kumweka sawa kola. Kamera ilikuwa kwenye miguu yake mitatu, na kitufe cha kupigia kilikuwa kwenye mkono wake wa pili. Alipomgusa begani, dada akacheka tena, kidole cha bwana kikaruka, mwanga ukawaka.

"Imeharibika hiyo. Itupe," dada akasema.

"Nimetupa."

Kibali cha mwaka kina jema lake moja: kinakurudisha. Mwaka wa pili alirudi, na picha ya kwanza ikaharibika vilevile. Mwaka wa tatu mpiga picha alikuwa kavaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ina makali.

"Mwaka ni mrefu, Mwanya," akamwambia. "Hicho kibali hakiwezi kuisha kila mwezi?"

"Nipigie simu basi, Fundi. Kwani simu nayo inataka picha?"

Alimpigia kabla hajafika kituo cha basi. Ilipofika picha ya mwaka wa nne walikuwa ni mke na mume, wanaishi vyumba viwili juu ya ghala la mbao, wanagombania dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Sasa ndoa ilikuwa imetimiza mwaka, na Mwanya aliruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu kama mke wa mwenyeji. Fundi alijaza ukurasa wake kwa wino mweusi, herufi zimenyooka kama za mwanafunzi anayetaka sifa. Ikabaki sahihi ya mke tu.

Jumamosi hiyo Mwanya alitoka kazini mapema. Akiwa mlangoni anavua viatu, akasikia sauti ya wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, kwenye simu iliyofunguliwa sauti jikoni.

"Mdogo wangu, nakuuliza kwa wema tu. Huyo mwanamke kakupenda wewe, au kapenda karatasi?"

Mwanya akasimama na kiatu kimoja mkononi. Alingoja mumewe acheke, au afoke, au akate simu. Chochote.

"Ngoja dada," Fundi akasema, "sufuria inaungua."

Na hakuna sufuria iliyokuwa ikiungua. Mwanya alikuwa na pua, hakusikia harufu yoyote. Loo, kile kimya kilimchoma kuliko lile swali! Siku hiyo fomu ilishuka chini kabisa ya mkoba wake, chini ya taya za plasta anazopimia meno ya bandia, ikabaki huko.

"Umeshapeleka?" Fundi aliuliza baada ya wiki.

"Nimepeleka."

Uongo una siku zake. Wa Mwanya ulifika mwisho jioni Fundi alipotafuta funguo kwenye mkoba na kuibuka na fomu. Alikaa kitini, fomu mkononi.

"Zimebaki siku sita kibali chako kiishe. Unataka kuondoka?"

"Nimewaomba kazini waniombee mwaka mwingine."

"Mwaka? Mke wangu, mimi ni nyumba ya wageni, ulipie kwa zamu?"

"Nikija kwa mwaka mmoja mmoja, hakuna atakayesema nimefuata karatasi. Dada yako alikuuliza, Fundi. Nilikuwa mlangoni. Alikuuliza, na wewe ukazungumzia sufuria!"

Fundi akainamisha macho kwenye fomu. Kimya cha pili. Mwanya hakutaka kusubiri cha tatu. Alikusanya nguo zake na ile fomu huku machozi yanamtoka, akaenda kulala kwa mwenzake wa kazini.

Simu ikaja siku ya nne.

"Haloo, Mwanya."

"Nani mwenzangu?"

"Usinifanyie hivyo, mpenzi. Silali. Dirisha nimeliacha wazi unavyotaka wewe, nimepata mafua."

Mwanya akaziba simu kwa kiganja asisikike akicheka.

"Kesho saa tatu njoo kibandani," Fundi akaendelea. "Njoo na fomu. Ukitaka kuichana, uichane nikiwepo."

Kesho yake alikwenda na ile blauzi ya kijani. Aliipiga pasi kwanza. Moyo wake alishaujua, kiburi tu ndicho kilichokuwa kikimsumbua. Fundi alimpiga picha bila utani. Mwanya akaweka sahihi kwenye fomu, wakavuka barabara.

Ofisa alikuwa mama mwenye miwani myembamba. Alipekua faili kurasa zote.

"Picha zenu wawili ziko wapi?"

Wakatazamana. Jamani! Miaka yote hiyo, harusi na safari, Fundi ndiye aliyepiga. Mke yupo kwenye kila picha, mume hayumo hata moja.

"Bila hizo nitajuaje kama mnaishi pamoja?"

Fundi alitoa bahasha kwenye mfuko wa shati, akapanga picha nne kwenye kaunta. Mwanya akaweka mkono mdomoni. Zilikuwa zile zilizoharibika. Anacheka zote nne, mwanya wazi, na pembeni ya kila picha kuna mkono wa mwanamume unaoshika kola. Wa kwanza umegusa kwa ncha za vidole. Wa tatu umetulia begani. Wa nne una pete.

"Mkono huu ni wa nani?"

Fundi akaulaza wake kwenye kaunta, kando ya picha, na pete yake.

"Kwa nini ulizitunza?"

"Kila mwaka nilijua anaweza asirudi, mama."

Ofisa akavua miwani, akaifuta taratibu. "Hizi kwa kibali zisingepita," akasema, akagonga muhuri wa kupokea. "Kwa hili zinatosha. Subirini barua."

Kwenye ngazi Mwanya akamshika mkono.

"Na siku ile? Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa. Ningesema unanipenda, dada angeniuliza kwa sababu gani. Mimi mpiga picha za vibali tu. Nilitafuta sababu, nikaikosa."

"Ungeniuliza mimi! Karibu na kituo cha basi kuna vibanda viwili vya picha, vitupu asubuhi yote. Tangu mwaka wa pili navipita vyote nije nipange foleni kwako. Ulifikiri sivioni?"

Fundi alisimama hapo hapo kwenye ngazi, watu wanampita. Kisha akatoa simu, akaifungua sauti.

"Dada, lile swali lako nina jibu. Kanipenda mimi. Karatasi aliificha mkobani siku kumi na tisa, na alikuwa tayari kuikosa. Sasa muombe radhi, yuko hapa anasikia."

Kukawa kimya kirefu, cha wifi safari hii.

Barua ilikuja, na kadi yake ni ya miaka kumi. Fundi alifurahi, halafu akanywea: miaka kumi bila picha ya kibali! Hakusema. Lakini mwaka ulipozunguka, tarehe ile ile, saa mbili na nusu, mteja wa kwanza alikuwa kavaa kijani.

"Ya nini hii, Mwanya? Hudaiwi picha mwaka huu."

"Ya ukutani. Na leo wewe hupigi." Mwanya akamwita mama wa fotokopi, akampa kitufe, akamvuta mumewe kwenye kigoda kimoja naye.

"Fungeni midomo basi," mama wa fotokopi akasema.

Hawakufunga.