Mwamuzi Hakuinua Kidole

Jumamosi ile jioni soko la Calderholme lilikuwa limefurika watu walionuna. Timu ya mji ilikuwa imetoka kufungwa kriketi na Thornley, na kwa watu wa Calderholme kufungwa na Thornley ni sawa na kutukaniwa mama. Foleni ya pai za nyama ilizunguka mpaka kwa wauza vitambaa. Katikati yake alisimama Hettie Ormerod, mfumaji wa nguo, shali la kijivu begani, viatu vyake vya mbao vikigonga sakafu kwa hasira. Mara akamtazama vizuri mwanamume aliyekuwa mbele yake. Suruali nyeupe, goti lina madoa ya majani, sweta jeupe lenye mstari wa bluu shingoni.

"Ebo! Kumbe ni wewe!" Hettie akapaza sauti. "Umetupotezea mechi, halafu unapata wapi uso wa kuja kununua pai?"

Foleni nzima ikageuka kutazama. Mwanamume yule alikuwa Ambrose Hindle, nahodha wa timu. Tena si nahodha tu. Kiwanda cha nguo cha kando ya mto, kile ambacho bomba lake la moshi unaliona popote usimamapo mjini, kilikuwa chake, amerithi kwa baba yake. Hettie mwenyewe alikuwa mmoja wa wafumaji wake.

"Mpira uligusa gongo langu, ukadakwa," Ambrose akajibu taratibu. "Ukidakwa umetoka. Nikatoka."

"Nani aliuona ukigusa?"

"Hakuna."

"Mwamuzi je?"

"Mwamuzi hakuinua kidole."

"Haya sasa! Mwamuzi hajakutoa, Thornley hawajalalamika, wewe unajitoa mwenyewe kama kuku aliyefukuzwa jikoni! Nani alikutuma?"

"Nilijua mimi kwamba niliugusa," Ambrose akasema, masikio yamemwiva. "Sasa ningebaki pale nikisubiri nini?"

Hettie akajivuta shali begani, akasogea hatua moja. Akamtazama tena. Alikuwa na macho ya mtu asiyeweza kudanganya hata akilipwa.

"Basi nipishe mbele kwenye foleni," akasema hatimaye. "Fidia ya mechi."

"Fidia hiyo ni ndogo."

"Na pai moja."

Watu wakacheka, naye Ambrose akacheka kuliko wote. Hettie naye akacheka, lakini alifunika mdomo kwa ncha ya shali.

*

Mtaa wa kina Hettie ulikuwa na simu moja tu, nayo ilitundikwa ukutani katika duka la samaki na chipsi la Mama Pickup, mwanamke mwenye mikono kama ya mpiga makasia na masikio makali kuliko ya paka. Jumanne ikalia.

"Hettie weee!" Mama Pickup akaita mpaka mwisho wa mtaa. "Njoo! Mwenye kiwanda anakutaka! Na hasemi kama ni mambo ya kazi!"

Hettie akafika mbio, unga wa pamba bado umemganda nyweleni. Wateja wote wakasahau chipsi zao.

"Haloo?"

"Miss Ormerod? Ni mimi, Hindle."

"Hindle yupi? Yule anayejitoa?"

"Huyohuyo. Leo nilipita kwenye mitambo yenu nikawasalimu, mkacheka wote. Mlikuwa mnasema nini?"

Hettie akauma mdomo asicheke. Ndani ya ukumbi wa kufuma kelele za mitambo ni za kuziba masikio, hata ukipiga yowe jirani hakusikii. Kwa hiyo wanawake wa humo huzungumza kwa midomo mitupu, bila sauti, na husomana maneno kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Mwenye mali hupita katikati yao akitabasamu, naye anasengenywa mbele ya pua yake.

"Tulisema una masikio makubwa."

"Hayo tu?"

"Na kwamba yanapendeza."

"Ameshasema!" Mama Pickup akapiga meza kwa kijiko cha mafuta. "Yanapendeza! Mmesikia?"

Basi ikawa hivyo majira yote ya joto. Simu ya Mama Pickup ikawa haina raha. "Kipenzi, leo umekula?" "Nimekula, wewe?" "Mimi siwezi kula mpaka nikuone." "Acha uongo, Ambrose, sauti yako ina mkate." Jumapili alimpitia kwa gari lake wakapanda vilimani, Hettie kavaa gauni la bluu la pamba na kofia ya kuazima kwa dada yake, upepo unataka kuibeba. Ambrose alimpenda, tena alimpenda waziwazi, na majirani walipochungulia nyuma ya mapazia yeye aliwavulia kofia.

Lakini kila Hettie alipocheka, mkono ulikwenda mdomoni. Siku moja Ambrose akaushika mkono ule.

"Kwa nini unajificha? Nataka nikuone ukicheka."

Hettie akaacha kucheka. Akafungua kinywa, akamwonyesha. Meno ya mbele yalikuwa yameliwa, meusi kingoni, na hata miaka thelathini alikuwa hajafika.

"Ni vijumba vyako hivyo," akasema.

"Vijumba gani?"

"Vya uzi, Ambrose! Vile vya mti mgumu vinavyobeba uzi na kuruka huku na huku kwenye mtambo. Uzi ukiisha ndani tunaweka mwingine. Na ili ncha itokee nje kwenye kitundu chake, unajua tunafanyaje?"

"Mnavuta kwa mdomo. Wanaita kubusu kijumba."

"Wanaita! Nyie ndio mnaoita! Tunafyonza mafuta na unga wa pamba mchana kutwa, na hicho unachokifyonza kimeshafyonzwa na mwenzio anayekohoa. Dada yangu Vinnie hakuwa na kikohozi. Alipewa mitambo ya mwanamke aliyekwenda kufa. Alivirithi vijumba, akarithi na kikohozi."

Ambrose aliendesha gari polepole njia nzima ya kurudi. Alipomshusha alimbusu kiganja, akasema, "Nitafanya kitu." Hettie akalala usingizi mtamu usiku ule, maskini, akiamini.

*

Jumatatu Hettie alipofika kwenye mitambo yake alikuta vijumba vipya, vinang'aa, vyenye mwanya ubavuni: uzi unaupitisha kwa kidole, basi, umekwisha. Akaviinua moyo ukimruka. Akageuka kumwonyesha Vinnie aliyekuwa mitambo ya jirani.

Vinnie alikuwa ameinama na kile kijumba chake cha zamani, cheusi kwa mate ya watu, anafyonza. Kisha akakohoa mpaka akajishika nguzo.

Hettie akatazama mstari mzima. Vya zamani. Mstari wa pili, vya zamani. Ukumbi wote, mamia ya wanawake wameweka midomo kwenye mbao, na yeye peke yake ana vipya. Midomo ikaanza kusema ng'ambo ya ukumbi, naye aliisoma yote, mmoja baada ya mwingine. *Bibi arusi kaletewa mahari. Afadhali yeye, mdomo wake una kazi nyingine.*

Damu ikampanda kichwani. Alivumilia mpaka saa ya chakula, kisha akakiomba kijumba cha Vinnie, akachukua na kimoja chake kipya, akavuka ua kwa viatu vyake vya mbao, kwa! kwa! kwa! akapanda ngazi za ofisi bila kubisha hodi.

Ambrose akainuka anatabasamu. "Umeviona?"

"Nimeviona! Umenifanya nini mimi, Ambrose?"

Tabasamu likaganda. "Nilidhani utafurahi. Nilitaka meno yako..."

"Meno yangu! Kwa hiyo mdomo wangu ni mdomo, na wa dada yangu ni tundu la choo? Mdomo unaotaka kuubusu wewe ndio usafishwe, ya wengine ioze tu?"

"Hettie, nisikilize kipenzi. Kubadilisha kiwanda kizima si mchezo. Hakuna mwenye kiwanda hata mmoja bondeni aliyebadilisha. Nikianza mimi watanicheka, watasema nimeongozwa na mwanamke. Na sheria haikatazi. Hakuna sheria yoyote inayokataza."

Hapo ndipo Hettie alipocheka, na safari hii hakufunika mdomo. Alimwonyesha meno yote.

"Sheria haikatazi! Siku ile mwamuzi aliinua kidole?"

Ambrose akageukia dirisha.

"Nakuuliza! Thornley walipiga kelele? Kuna mtu alikuona? Ulitoka mwenyewe, kwa miguu yako, kwa sababu ulijua. Mimi mjinga nikakupenda kwa ajili hiyo, pale pale sokoni na pai mkononi. Nikasema huyu ndiye mtu. Kumbe ukweli wako ni wa kuchezea mpira tu! Ukivua suruali nyeupe unauacha kwenye mfuko wa magongo! Mkuki kwa nguruwe mtamu, sivyo?"

"Hettie..."

Akakiweka kijumba cha Vinnie mezani, juu ya karatasi safi. Kilikuwa bado kina unyevunyevu.

"Haya, kibusu. Mara moja tu. Dada yangu anakibusu tangu asubuhi mpaka jioni."

Ambrose alikitazama. Mkono ulikwenda, ukasita, ukarudi mfukoni.

"Nilijua," Hettie akasema, machozi yakimtoka kwa hasira. Akakitupa kile kipya kapuni. "Kaa na zawadi yako. Usinipigie simu."

Alasiri ile akaomba vijumba vya zamani, akafyonza kama wenzake. Midomo ya ukumbi ikanyamaza kimya.

*

Simu ililia. Ikalia tena kesho yake.

"Mwambie nimekufa," Hettie akasema akiwa mlangoni.

"Anasema amekufa," Mama Pickup akaripoti kwenye chombo. Akasikiliza. "Anauliza atazikwa lini."

"Mwambie simtaki kaburini!"

"Bwana Hindle, baba, hutakiwi hata kaburini. Chipsi hutaki?" Akakata simu, akamtazama Hettie kwa huruma. "Mwanangu, sauti yake imeisha kabisa."

"Na iishe. Ya Vinnie imeisha zamani."

Maneno yalikuwa makali, lakini usiku alikuwa akiuma mto Vinnie asimsikie. Angemsamehe mtu anayempenda kila kosa alilomkosea yeye. Kosa hili hakukosewa yeye, sasa angelisameheje? Jumamosi timu ilicheza nyumbani. Alisikia kwa mbali makofi ya uwanjani, akafunga dirisha, akaendelea kumchemshia dada yake maziwa.

Siku zikapita. Kisha asubuhi moja, katikati ya kazi, mitambo ikasimama.

Mitambo haisimami katikati ya kazi. Kimya kikaingia ukumbini, cha kutisha, watu wakasikia maji yakidondoka dirishani. Mlangoni alisimama Ambrose Hindle, amekonda, ameshika kijumba cheusi. Nyuma yake wanaume walisukuma mikokoteni ya masanduku. Akapanda juu ya kikapu cha nyuzi kilichogeuzwa, na ilionekana wazi kwamba angependa kuwa mahali pengine popote duniani.

"Hiki ni cha Vinnie Ormerod," akasema. "Kimekaa mezani kwangu siku zote hizi. Kila asubuhi nilijiambia nitakitia mdomoni, nami kila asubuhi nikashindwa. Kinanuka." Akakigeuza mkononi. "Nilijua. Baba yangu alijua, na mimi nilijua kabla sijaambiwa. Hakuna mwamuzi aliyeinua kidole, nami nikabaki uwanjani."

Wanawake wakaitazama mikokoteni.

"Niliugusa," akasema. "Masanduku haya yana vijumba vya kupitishia uzi kwa kidole, vya kila mtambo. Vya zamani vinakwenda kwenye tanuru leo hii. Wenye viwanda wenzangu wameshaanza kunicheka. Wacha wacheke."

Wanawake hawakupiga makofi. Mmoja alitema mate pembeni, mwingine akaanza kulia. Halafu wakapanga foleni, na vijumba vya zamani vikarushwa kwenye mikokoteni kwa kishindo, kama watu wanaopiga nyoka.

Ambrose akashuka, akaja mpaka kwa Hettie. Msimamizi wa zamu, mtu asiye na akili wala subira, akadhani hotuba imekwisha, akawasha mitambo. Ukumbi ukanguruma. Ambrose alikuwa ameshafungua kinywa. Alisema neno, hakuna aliyelisikia, hata yeye mwenyewe. Lakini alilisema kwa midomo, na ukumbi mzima ukalisoma: *Utakubali nikuoe?*

Mamia ya macho yakamgeukia Hettie. Akamtazama mwanamume yule, masikio yake mekundu, kile kijumba bado mkononi. Alikuwa anampenda, na alikuwa bado amekasirika, na hakutaka kuacha lolote kati ya hayo mawili. Akajibu kwa midomo, taratibu, maneno mengi.

Ukumbi ukalipuka. Wanawake wakarusha vitambaa vya kichwa juu, wakakumbatiana, wakacheka mpaka wakainama. Ambrose peke yake hakuelewa kitu. Aligeuka huku, akageuka huku, mwenye mali katikati ya mali yake, haelewi kinachosemwa.

"Amesema nini?" akapiga yowe sikioni mwa Vinnie. "Amejibu nini?"

Vinnie alikuwa ameshika kijumba kipya, uzi umeshapita mwanyani. Alikohoa kwanza. Alikohoa muda mrefu, amejishika nguzo, na Ambrose alisimama akimsubiri, uso umemshuka. Kisha Vinnie akamvuta kwa kola ya koti, akaweka mdomo wake usio na meno ya mbele karibu na sikio lile kubwa.

"Amesema ndiyo," akamwambia. "Na amesema umechelewa."